Somo: Kishale kitue pale pale neno lilipopatikana

Wakuu, kuna mwenye duka nilimtengenezea daftari la madeni la kwenye simu ya Android. Akitafuta "sukari" anaambiwa imepatikana, lakini kishale (kile kimstari kinachopepesa mahali pa kuandika) kimebaki juu kabisa, naye anaanza kushuka kwa kidole mstari kwa mstari. Hapo programu imefanya nusu ya kazi. Natumia lugha ya Kotlin na EditText ya kawaida, yaani kisanduku cha kuandikia, ambayo hapa naiita daftari.

Kwanza, soma maandishi kama yalivyo muda huo huo:

val maandishi = daftari.text.toString()

Pili, tafuta neno aliloandika:

val mwanzo = maandishi.indexOf(neno, ignoreCase = true)

Hesabu inaanzia 0. Kwenye "Mchele kilo 3, sukari kilo 2" utapata 15, na kwa kuwa "sukari" ina herufi 6, inaishia 21. Kishale hakikai juu ya herufi, kinakaa kati ya herufi na herufi. 21 ni baada ya i, kabla ya nafasi. Ukilishika hilo hutaongeza wala kupunguza 1 kwa kubahatisha.

Neno lisipokuwepo unapata -1. Likiwa tupu unapata 0, kana kwamba limeonekana. Zuia yote mawili.

Tatu, ingia kwenye daftari, kisha weka kishale mwisho wa neno:

daftari.requestFocus()
daftari.setSelection(mwanzo + neno.length)

Wengi huweka namba mbili, mwanzo na mwisho, ili neno zima lichaguliwe. Linapendeza, nami nilianza hivyo. Mwenye duka akagusa k kwenye kibodi bila kukusudia, "sukari" yote ikafutika, ikabaki "k kilo 2". Siku ya kudai, mteja akauliza k ndiyo bidhaa gani. Tangu hapo naweka namba moja tu, na neno nalipaka rangi kwa BackgroundColorSpan. Ondoa rangi ya zamani kwa removeSpan kabla ya kutafuta tena, la sivyo daftari litageuka khanga.

Nne, kitufe cha "Linalofuata" kianzie kishale kilipo:

maandishi.indexOf(neno, daftari.selectionEnd, ignoreCase = true)

Ikirudi -1, rudia kutoka 0.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimefuata yote lakini kishale sikioni. Kisanduku cha kutafutia kiko juu ya daftari.

Jibu: Basi kishale bado kinapepesa huko juu. Umeruka requestFocus.

Swali: Programu yangu inajifunga kabisa nikitafuta neno ambalo halipo.

Jibu: Umetumia namba mbili, na ya kwanza ni -1. Ungetumia moja isingejifunga: -1 ukijumlisha na 6 unapata 5, kishale kingetua mahali pasipohusika, kimya kimya. Afadhali hata hiyo inayojifunga, unajua kuna tatizo.

Swali: Kwangu kinaingia katikati ya neno, suka|ri. Nimeongeza 2 ikakaa sawa, lakini daftari la pili likakataa.

Jibu: Hiyo 2 iondoe, dada. Uliposoma maandishi uliweka trim()?

Swali: Ndiyo, niondoe nafasi zisizo na kazi.

Jibu: Daftari la kwanza lina mistari miwili mitupu juu, sivyo? Trim imeikata kwenye nakala yako, ila kwenye skrini bado ipo. Kata wakati wa kuhifadhi, si wakati wa kutafuta.

Swali: Imekubali. Asante mkuu.