Matokeo ya kipimo cha haiba: yageuze kuwa sentensi moja

Ukishafanya kipimo cha haiba kwa ajili ya biashara yako, usihangaike na jina la kundi ulilowekwa. Chukua tabia moja tu inayokukwamisha, uifunge kwenye tukio linalojirudia: "Mteja akisema 'nitafikiria', hapo hapo namuuliza nimpigie siku gani, na naiandika mbele yake." Iandike sentensi hiyo kwenye karatasi, uibandike pale unapofanyia kazi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliieleza mbinu hii mwaka 1999: uamuzi unakuwa umeshafanyika mapema, kwa hiyo tukio lenyewe ndilo linalokusukuma, hata siku ambayo huna moyo wa kazi. Ndiyo maana mtu mpole anaweza kudai fedha zake bila kusubiri awe mkali kwanza. Na tafadhali, herufi nne za MBTI, kipimo maarufu cha haiba kinachompa kila mtu kundi la herufi nne, zisikufunge. Kipimo kile hukata watu katikati, upande huu au ule, ilhali wengi wetu tuko karibu na hapo katikati. Ukirudia baada ya wiki chache unaweza kupewa herufi tofauti.

Mbinu hii ya sentensi moja hushindwa pale tukio linapokuwa la jumla mno ("nikipata nafasi"), au ukijiandikia sentensi sita kwa mpigo. Na kama wateja hawarudi kwa sababu bidhaa haiwafai, kujikaza kutakumalizia mtaji tu. Hapo acha kwanza habari ya haiba, waulize wateja walioondoka walikosa nini.