Kutazama Ndege Pwani ya Dar es Salaam Baada ya Wahamaji Kuondoka: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Kufikia mwishoni mwa Mei, vitwitwi, yaani ndege wahamaji wanaotafuta chakula kwenye matope na mchanga wa ufuko, walio wengi huwa wamekwisha kuziacha fukwe za Dar es Salaam na kwenda kutaga kaskazini, baadhi yao hadi Siberia, na hawaanzi kurudi kwa wingi hadi Agosti. Wanaobaki ni hasa wale wachanga wa mwaka uliopita, ambao hawajafikia umri wa kuzaa na ambao manyoya yao huwa ya kijivu tu. Anayetarajia makundi makubwa atavunjika moyo, lakini anayependa kumtambua ndege mmoja mmoja kwa mdomo na mwendo wake atapata kazi ya kutosha.

Cha kwanza kupangia safari ni maji, wala si siku ya mapumziko. Wakati wa bamvua, yaani siku chache zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha hujaa hadi alasiri. Wengi hushauri kufika alfajiri. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa pwani hii inatazama mashariki, na asubuhi jua hukupiga machoni hata ndege wote wakaonekana weusi. Ni afadhali kufika Kunduchi saa saba mchana, jua likianza kukupita kwa nyuma, huku maji yanayojaa yakiwasogeza ndege kuelekea pale ulipoketi. Hapo ndipo utamwona sululu akitumbukiza mdomo wake uliopinda katika shimo la kaa, akamvuta, akamtikisa hadi miguu ikakatika, ndipo akammeza. Usivuke mkondo wowote kwenye mikoko wakati huo, maana njia uliyojia haitakuwapo utakaporudi.

Kusi huvuma kwa nguvu miezi hiyo na kuitikisa darubini, kwa hiyo keti chini au tafuta kinga. Vaa viatu vya kufunga, kwani matumbawe hukata. Anayekwenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo aweke akiba ya kiingilio cha hifadhi pamoja na nauli ya boti, na kamera yenye lenzi ndefu isielekezwe bandarini wala kwenye maeneo ya jeshi.

Chakula kifunikwe vizuri. Kunguru wa India wakikiona, watakuja kwa kelele na kuwatimua vitwitwi uliowasubiri saa nzima.