Krismasi ikikukuta Uingereza bila kazi: mambo ya kuzingatia kabla

Kwa anayetafuta kazi Uingereza, Desemba ina wiki mbili tu. Ikifika katikati ya mwezi maofisi yanaanza kupoa: anayeshughulikia ajira yuko likizo, barua pepe inajibiwa na mashine, na usaili ulioambiwa ni wiki ijayo unasogezwa Januari. Kwa hiyo chochote kinachosubiri saini, simu au jibu la mtu mwingine kikamilishe kabla ya tarehe 15. Kinachokuhitaji wewe na kompyuta yako tu, hicho kitafanyika hata tarehe 27. Vijana wengi wanaofika huku Septemba hufanya kinyume: Desemba mwanzoni wanapamba CV, na wakija kuwatafuta watu, watu hawapo.

Wa kwanza wa kuwahiwa ni wadhamini wako, yaani watu watakaokusemea kwa mwajiri. Mhadhiri anayefunga ofisi tarehe 12 hataijibu fomu ya mwajiri hadi wiki ya pili ya Januari, na nafasi haitakungoja. Mwandikie mapema, muombe ruhusa ya kutaja jina lake, mweleze ni kazi za aina gani unaomba. Kama kuna karatasi unayoisubiri kutoka nyumbani, iwe matokeo ya chuo au cheti cha polisi ambacho waajiri wa kazi za kulea wazee hukidai, kumbuka kwamba Tanzania ina sikukuu tarehe 9 Desemba na Kenya tarehe 12, halafu zinakuja za 25 na 26. Aliye nyumbani akufuatilie wiki ya kwanza ya mwezi, si ya tatu.

Uthibitisho wa haki ya kufanya kazi siku hizi uko mtandaoni, kadi za plastiki zilishapitwa na wakati. Ingia kwenye akaunti yako ya viza kwenye tovuti ya GOV.UK, hakikisha namba ya pasipoti ni ile unayoitumia sasa, kisha toa msimbo wa kumpa mwajiri (share code). Ya kazi huanza na herufi W na hudumu siku 90. Namba ya National Insurance, ile ya kodi na michango, iombe, lakini usikatae kazi kwa sababu haijafika. Sheria inakuruhusu kuanza bila hiyo ilimradi unathibitisha haki yako.

Sasa kazi zenyewe. Kubeba maboksi ndiyo kazi ya msimu, na msimu wake huanza kabla ya watu wengi kuamka. Maduka na maghala huajiri Septemba na Oktoba, na kilele ni mwisho wa Novemba. Ukiingia sokoni Desemba utakuta mabaki, ila mabaki hayo bado yanalisha: kupanga vifurushi usiku, kuosha vyombo hotelini, usafi wa ofisi, kuhudumia kwenye sherehe. Hizi hutolewa na mawakala, na wakala wa Desemba anataka mtu anayejibu. Ujumbe unaingia saa tisa alasiri: unaweza leo, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi? Ameutuma kwa watu arobaini na anahitaji sita. Anayejibu baada ya nusu saa amechelewa. Weka simu yenye chaji na salio, ujue kabla ni basi gani linafika kule usiku na, la muhimu zaidi, lipi linakurudisha. Wakikuambia kazi inahitaji viatu vyenye chuma mbele, uliza watakupa lini. Kifaa cha usalama ni jukumu la mwajiri, si deni lako.

Kabla ya kukubali zamu, hesabu saa zako. Mwenye viza ya mwanafunzi wa shahada kwa kawaida anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Likizo ya Krismasi inakufungulia saa zote, lakini likizo ni ile iliyo kwenye kalenda rasmi ya chuo chako, siyo siku kipindi chako cha mwisho kilipoisha. Kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu kunahesabiwa kuwa umejiajiri, na viza ya mwanafunzi hairuhusu, hata kwa saa moja. Akaunti ya kukodi ya mtu mwingine ndiyo mbaya zaidi. Nimeona watu makini wakishawishika kwa sababu Desemba hela imekata. Tafadhali, usiingie huko. Pauni mia za wiki moja haziwezi kulipa viza iliyofutwa.

Na matapeli huvuna mwezi huu. Kwa kazi za kawaida, wakala wa Uingereza haruhusiwi kisheria kukutoza ada ya kukutafutia kazi. Amri hiyo ipo tangu sheria ya mwaka 1973. Akidai pauni hamsini za usajili, funga simu. Anayekuuzia barua ya udhamini wa viza ya kulea wazee naye mwogope: kuajiri walezi wapya kutoka nje ya nchi kulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Orodha ya waajiri wenye leseni ya udhamini iko wazi kwenye GOV.UK, na uhai wa kampuni unaangaliwa bure kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni. Ni dakika tano.

Fedha ndiyo sehemu inayoumiza. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba kabla ya sikukuu, kisha hadi mwisho wa Januari ni wiki tano au sita. Na ukianza kazi baada ya hesabu za mishahara kufungwa, utafanya kazi Desemba nzima na kulipwa Januari. Uliza siku ya malipo kabla ya kusaini. Jaza vizuri fomu ya mfanyakazi mpya ili usikatwe kodi ya dharura, na usisahau kuwa hata kazi ya wiki tatu ina malipo ya likizo.

Chumba chenye mita ya kulipia kabla utakielewa haraka kama umetoka kwenye Luku. Tofauti ni gesi: baridi ya Desemba inaila haraka, na duka unalonunulia salio linaweza kufungwa tarehe 25. Jaza tarehe 23. Chakula kikipungua, usione haya kwenda benki ya chakula. Viza nyingi zinakuzuia kuchukua fedha za umma, lakini benki ya chakula ni msaada wa hisani, haihesabiwi humo. Mfuko wa dharura wa chuo pia hauhesabiwi. Uombe kabla chuo hakijafungwa.

Nyumbani, sema mapema. Piga simu Novemba inapoisha, usingoje tarehe 24 watu wamekaa mkao wa kupokea. "Shikamoo mama. Mwaka huu Krismasi sitaweza kutuma kama zamani, bado natafuta kazi. Nitajitahidi kwenye ada ya mdogo wangu Januari." Mama atanyamaza kidogo, kisha atauliza kama unakula. Ada ina tarehe yake, nguo za sikukuu zinaweza kungoja, na wazazi wengi wanalielewa hilo kuliko tunavyodhani. Kinachowaumiza ni simu isiyopokelewa.

Siku ya Krismasi yenyewe treni hazitembei kabisa, London hakuna basi wala treni ya chini ya ardhi, na maduka makubwa ya England na Wales yamefungwa kwa sheria. Kama umealikwa mji mwingine, safiri tarehe 23 au 24 asubuhi, na rudi tarehe 27. Kama hujaalikwa, jialike: waulize Watanzania au Wakenya wa mji wako, kanisani, au kikundi cha WhatsApp, nani anapika pilau, na ujitolee kukata vitunguu. Zamu ya tarehe 26 nayo hukosa watu, ukiitaka mwambie wakala mapema.

Jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Toka nje mchana, hata robo saa. NHS, huduma ya afya ya taifa, inashauri mikrogramu 10 za vitamini D kila siku majira haya, na kwa ngozi zetu mwaka mzima. Jisajili kwa daktari wa mtaa, ni bure. Na mawazo yakizidi usiku, baada ya barua ya tatu ya kukataliwa kwa siku moja, Samaritans, shirika la hisani la kusikiliza wenye msongo, wanapokea simu 116 123, bila malipo, saa 24, tarehe 25 ikiwemo.

Siku za tarehe 27 hadi 31 ndizo za CV. Iandike upya, weka arifa za kazi kwenye tovuti unazozitumia, andaa barua mbili tatu za maombi. Matangazo mapya huanza kumiminika wiki ya kwanza kamili ya Januari, ofisi zikifunguliwa na bajeti mpya, na wengi wa unaoshindana nao watakuwa bado wanatafuta wadhamini.