Kabla Hujamwaga Oili: Uzito Unaoifaa Injini Iliyotembea Sana

Gari likishavuka kilomita 200,000, ushauri wa gereji huwa mmoja: weka nzito, 20W-50, injini imechoka. Wakati mwingine fundi yuko sahihi. Mara nyingi zaidi, oili nzito inanyamazisha dalili kwa miezi michache huku ubovu ukiendelea chini kwa chini. Tuchukue injini iliyojaa barabarani kwetu, 1NZ-FE ya Toyota, iliyomo kwenye IST, Probox na baadhi ya Vitz.

Kitabu cha gari kinataja 5W-30. Namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya pili ni uzito wake kwenye nyuzi joto 100. Kwa hiyo injini ikishapata moto, 5W-30 na 10W-30 ziko daraja moja. Kwa kuwa kwetu hakuna barafu, watu huona ile W haituhusu. Inatuhusu sana. Kwenye nyuzi 40, 20W-50 ya kawaida ina mnato wa sentistoki 160 hivi, 5W-30 ina kama 60. Na hiyo ni nyuzi 40. Asubuhi Dar injini imelala kwenye 27, Makete mwezi wa saba ni chini ya 10. Oili nzito inachelewa kupanda hadi kwenye kemshafti, shafti ya juu inayofungua vali, na sekunde hizo za kuwasha ndizo zinazokwangua chuma.

Halafu kuna VVT-i. Mfumo huu unageuza kemshafti kwa nguvu ya oili inayopita kwenye vali ndogo ya umeme yenye chujio la waya laini sana. Oili nzito kupita kiasi, au yenye tope, inachelewesha kazi yake: gari linakuwa zito kuondoka, taa ya injini inawaka, mashine ya kupimia inasoma namba ya hitilafu P1349. Watu wameshabadilisha vali nzima kwa kosa la galoni moja.

Kabla ya kubadili uzito, pima gari linakula oili kiasi gani. Jaza hadi alama ya juu ya stiki, gari likiwa sehemu tambarare, injini imezimwa dakika tano. Tembea kilomita 1,000, kisha ongeza kwa chupa yenye vipimo mpaka irudi palepale. Chini ya nusu lita kwa injini ya umri huu si jambo la kukukosesha usingizi. Ikifika lita nzima, kuna sehemu imekufa, na hakuna galoni litakaloifufua.

Angalia na moshi. Wa bluu unaotoka ukiwasha asubuhi kisha ukakata, hizo ni sili za vali. Wa bluu unaotoka ukikanyaga mafuta kupanda mlima, hizo ni ringi za pistoni. Ila kabla hujamlaumu yeyote kati ya hao wawili, chomoa vali ya PCV, ile inayotoa mvuke ulionaswa ndani ya injini, kwenye kifuniko cha juu cha injini uitikise sikioni. Nzima inalia kachakacha. Ikiwa kimya imeziba, na mvuke uliokosa njia unasukuma oili ipite kwenye sili na ringi. Ni spea ya bei ndogo, na ajabu ni kwamba wengi huikumbuka baada ya kufungua injini.

Taa ya oili ikimemetuka kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, ikiwa na moto, usikimbilie duka la oili. Fundi afungue swichi ya presha, afunge geji mahali pake. Kiwango cha chini cha 1NZ-FE kwenye silensa ni kilopaskali 29. Ikisoma chini ya hapo, mshukiwa ni pampu, chujio la ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) au beringi za krenki, shafti kuu ya injini. 20W-50 itapandisha mshale wa geji. Beringi zitaendelea kuliwa.

Vipimo vikiwa vizuri, baki na 5W-30, hasa ile ya magari yaliyotembea sana, yenye viungo vya kulainisha sili zilizokakamaa. Ikiwa inakula nusu lita hadi lita moja, PCV ni nzima na presha ipo, panda ngazi moja tu: 5W-40 au 10W-40, daraja la ubora la API SN au SP lililoandikwa kwenye galoni. Dizeli za zamani zisizo na turbo, kama 1HZ ya Land Cruiser, ni habari nyingine. Hizo 15W-40 ya CI-4, daraja la API la dizeli, ndiyo chakula chake.

Siku ya kumwaga, kataa injini kuoshwa kwa dizeli au mafuta ya taa. Tope la miaka linang'oka kwa mkupuo, linaziba chujio la sampo, na presha inakufa ukiwa barabarani. Afadhali umwage mara mbili mfululizo kila kilomita 2,000, tope litoke polepole. Boliti ya sampo inafunguka kwa spana namba 14. Nunua na washa yake mpya, ile pete inayokaa chini ya boliti. Filta mpya paka oili kwenye mpira wake, ifunge kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Kumimina galoni zima la lita 4 kwa sababu "imebaki kidogo" kunaizidishia. Krenki ikianza kuichapa inatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Kama baada ya kilomita 1,000 za oili mpya ulaji haujapungua, pima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda. Kiwango cha chini ni kilopaskali 1,079 kwa kila silinda. Iliyo chini, itie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ni ringi. Ikibaki palepale, shida iko kwenye vali.