Shokapu za spoti au za kawaida? Namna ya kuchagua kwa gari la kila siku hapa Dar

Haipiti wiki bila mtu kuniletea gari gerejini akisema, "Fundi, nifungie spoti, gari linayumba sana." Naingia chini na tochi. Shokapu za mbele zimelowa oili, bushi (raba za maungio) za mikono inayoshika tairi zimepasuka, linki za stabilaiza zinacheza. Gari la namna hiyo linachohitaji ni kurudishwa lilivyotoka kiwandani. Akishaliendesha likiwa zima, wengi hawataji tena habari ya spoti.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini ya gari ulilonalo, dukani baadaye. Na ninachokiamini nakisema mapema: chagua kwa kuangalia kilomita mbaya kuliko zote katika safari yako ya kila siku.

Kwanza tuelewane kazi ya kila kitu. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na kuamua likae juu kiasi gani. Shokapu inaituliza springi isiendelee kunesa baada ya shimo. Stabilaiza inazuia gari lisilale kwenye kona. Seti ya spoti kwa kawaida ina springi ngumu zaidi, mara nyingi fupi, shokapu zinazobana zaidi, na pengine stabilaiza nene. Unachopata ni gari lisilolala kwenye kona, stelingi inayojibu upesi, na pua isiyoinama ukikanyaga breki. Unachotoa ni starehe ya kiuno na nafasi ya chini ya gari.

Hatua ya 1: Pima hali ya gari lilivyo

Simama kwenye kona ya gari, likandamize kwa nguvu, kisha liachie. Linatakiwa lipande, lishuke kidogo, litulie. Likinesa mara mbili au tatu, shokapu ya kona hiyo imekwisha. Lakini usiishie hapo, maana shokapu iliyochoka inaweza kukupa jibu zuri kwa mkono na bado ikashindwa kazi ukiwa kwenye mwendo.

Chukua tochi uangalie mwili wa shokapu. Ukungu mwembamba wa oili ulioshika vumbi si wa kukutisha. Oili inayochuruzika ndiyo mbaya. Kisha pitisha kiganja taratibu juu ya kashata za tairi, kuzunguka tairi zima. Ukihisi mabonde na vilima, tairi hilo limekuwa likidunda barabarani badala ya kukanyaga. Malizia kwa kuinua gari kwa jeki, uliweke juu ya stendi, ushike tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, kuna boljointi au bearingi ya kushughulikia kabla hujatoa hela ya shokapu.

Hatua ya 2: Soma matairi

Mara nyingi ugumu unaolalamikiwa umo kwenye tairi. Chukua Toyota Crown za miaka ya 2003 hadi 2008. Athlete nyingi zinakuja na tairi la 225/45R18, Royal Saloon unaikuta na 215/60R16. Zidisha mwenyewe: ukuta wa tairi la Athlete ni milimita 101, wa Royal ni 129. Hizo milimita 28 ni hewa na raba ambavyo vingepokea shimo kabla shokapu haijaguswa. Ukiweza kushuka ringi kwa inchi moja na breki zikatosha ndani, huenda umemaliza kazi.

Na presha. Kibandiko kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu ya Japani yameandikwa kwa kPa. Ukiona 230, hiyo ni kama psi 33. Mama mmoja aliniletea IST akisema imekuwa ngumu kama mkokoteni. Nilipima nikakuta psi 45 tairi zote nne. Kijana wa upepo alimwambia ni ili gari libebe vizuri. Tulipunguza upepo, akaondoka bila kununua chochote.

Hatua ya 3: Andika njia yako

Chukua karatasi kweli, uandike. Unatoka wapi, unakwenda wapi, wapi kuna lami, wapi kuna vumbi, matuta mangapi, masika maji yanasimama wapi. Mtu anayetoka Goba ndani kwenda Posta anaweza kuwa na kilomita 20 za lami na mbili tu za mashimo. Hizo mbili ndizo zinazoua bushi. Tena kwenye makazi mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na asubuhi kwa foleni ya Morogoro Road hata hiyo huifikii. Ubora wa spoti unaonekana kwenye kona za kasi na kubadili njia ghafla. Kimara saa moja asubuhi hauna kazi.

Mwenye sababu ya kuifikiria spoti ni yule anayekaa sehemu yenye lami mpaka mlangoni, na anayekwenda Dodoma au Morogoro mara kwa mara, akiwa peke yake au na mtu mmoja.

Pakia gari kama unavyolipakia Jumapili, familia na mizigo, kisha pima kwa futi kamba kutoka sehemu ya chini kabisa, ambayo mara nyingi ni bomba la eksozi, mpaka ardhini. Nikikuta chini ya sentimita 15, simshauri mtu apunguze hata moja.

Hatua ya 4: Chagua

Kwa wengi wa hapa Dar jibu langu ni shokapu mpya za kawaida, springi za kiwandani, bushi na maunti (vishikio vya juu vya shokapu) mpya.

Ukitaka gari lishike zaidi bila kulishusha, kuna njia ya kati ninayoipenda: shokapu ya spoti yenye urefu wa kawaida juu ya springi ya kawaida. Bilstein wamezigawa vizuri: B4 ni badala ya ile ya kiwandani, B6 inabana zaidi lakini kwa springi ya kawaida, B8 imefupishwa kwa ajili ya springi fupi. Kwa KYB, Excel-G ni ya kawaida, New SR Special ni ya spoti.

Springi fupi zinataka shokapu zake. Hili nilijifunza kwenye Altezza yangu nikiwa naishi Kinyerezi. Nilifunga springi fupi nikabakiza shokapu za kawaida. Shokapu ikawa inaishi imezama, na ile raba nene kwenye rodi, inayozuia chuma kisigonge chuma, ikawa inapigwa kwenye kila tuta. Haukupita mwaka, zote nne zilivuja, na raba mbili zilitoka zikiwa vipandevipande.

Usikubali kukatiwa springi. Ikikatwa inakuwa ngumu kweli, lakini tairi likiingia shimoni springi inabaki huru na inaweza kutoka kwenye kiti chake. Ikikatwa kwa gesi, moto pia umeshaharibu chuma karibu na mkato. Na wanaoinua gari kwa spesa, vile vipande vya kuongezea urefu kwenye springi, wajue shokapu imeshavutwa karibu na mwisho wake hata kabla ya shimo. Mimi sizidishi sentimita 3.

Hatua ya 5: Nunua

Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, usitaje jina la gari peke yake. Beba namba ya chesisi: kwa IST, NCP61 si NCP65, maana moja inavuta mbele tu na nyingine inavuta miguu yote minne. Nunua jozi, kushoto na kulia pamoja. Ya mtumba isimamishe wima, ikandamize mpaka chini. Ukinzani uwe ule ule njia nzima. Ikilegea ghafla katikati, irudishe.

Hatua ya 6: Funga

Nati ya juu ya shokapu haifunguliwi mpaka springi ibanwe kwa kompresa yake pande mbili. Kamba au waya si mbadala. Springi ikifyatuka inavunja taya.

Shokapu mpya iliyolala dukani inaweza kuwa na hewa mahali penye oili, kwa hiyo isimamishe wima uipampu polepole mara nne au tano kabla ya kufunga.

Sasa jambo ambalo nimeona likiharibu kazi nzuri mara nyingi. Bolti za bushi zisikazwe mwisho gari likiwa hewani na miguu ikining'inia. Bushi ya raba imeshikwa ndani na nje, na mkono ukipanda inajikunja. Ukiikaza mguu ukining'inia, gari likishushwa bushi inabaki imesokotwa saa zote, hata likiwa limeegeshwa, na baada ya miezi michache unaona mpasuko. Ziache bolti zimeshika tu, shusha gari likanyage chini, lisukume mbele na nyuma mita mbili tatu, ndipo ukaze.

Toka hapo nenda kwenye alaimenti (kunyoosha matairi) siku hiyo hiyo, hasa kama urefu wa gari umebadilika.

Pima kutoka katikati ya ringi mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike kwenye kitabu cha gari. Tembea kilomita 500, rudi zikaguliwe bolti, na upime tena. Springi mpya ikishuka milimita chache ni kukaa sawa; kona moja ikiwa chini kuliko mwenzake kwa sentimita nzima, kuna springi haijakaa kwenye kiti chake, na gari lisiondoke mpaka ifunguliwe.