Somo: Kupunguza muda wa majaribio unapojenga vifurushi vya Debian

Wakuu, habari za kazi. Majaribio yakichelewa, wengi wetu tunakimbilia DEB_BUILD_OPTIONS=nocheck, yaani kujenga bila kuendesha majaribio. Kifurushi kinatoka upesi, lakini hakijakaguliwa. Majaribio yaleyale yanaweza kwenda kasi bila kuacha hata moja. Mfano wangu ni kifurushi cha Python kinachojengwa kwa pybuild (zana ya Debian ya kujenga vifurushi vya Python) na kupimwa kwa pytest (zana ya kuendesha majaribio ya Python).

Hatua ya 1: Jua muda unaishia wapi

pytest --durations=15

Inakuonyesha sehemu 15 zilizochukua muda mrefu zaidi. Soma neno lililo kando ya sekunde: call ni jaribio lenyewe, setup ni maandalizi yake. Ukikuta setup imejaa juu, huenda kanzidata inaundwa upya kwa kila jaribio. Kama majaribio yanaisoma tu, weka scope="session" kwenye fixture yake (kipande cha msimbo kinachoandaa mahitaji ya majaribio) iundwe mara moja. Kama yanaandika humo, iache ilivyo, la sivyo jaribio moja litasoma mabaki ya jingine.

Hatua ya 2: Gawa kazi kwa viini vya prosesa

Kwenye Build-Depends (orodha ya vinavyohitajika kujenga, ndani ya debian/control) ongeza python3-pytest-xdist <!nocheck>, nyongeza ya pytest inayogawa majaribio kwa michakato kadhaa, kisha kwenye debian/rules (faili la maelekezo ya kujenga):

include /usr/share/dpkg/buildopts.mk
export PYBUILD_TEST_ARGS=-n $(or $(DEB_BUILD_OPTION_PARALLEL),1)

Jenga hivi:

DEB_BUILD_OPTIONS=parallel=4 dpkg-buildpackage -us -uc -b

Naipendelea hii kuliko -n auto, ambayo hujichagulia idadi kwa kuangalia viini vya mashine, kwa kuwa anayejenga ndiye anayeamua idadi ya viini. Mashine yake inaweza kuwa na kazi nyingine. Kwa miradi ya make, debhelper (zana za Debian za kujengea vifurushi) kuanzia compat 10, yaani ngazi yake ya upatanifu, inapitisha idadi hiyo yenyewe.

Hatua ya 3: Tenganisha yanayogombana

Hapa ndipo penye kazi, msiparuke. Majaribio mawili yanayoandika /tmp/matokeo.db yalikuwa yanapokezana. Sasa yanaandika kwa pamoja, na leo linaanguka hili, kesho lile. Tumia tmp_path ili kila jaribio lipate folda yake. Seva ya majaribio ising'ang'anie poti 8080. Ifungue poti 0, mfumo utaipa iliyo wazi. Kanzidata ya PostgreSQL iongezewe kwenye jina lake thamani ya PYTEST_XDIST_WORKER (gw0, gw1 na kuendelea). Kumbukeni pia kwamba ile fixture ya session sasa inaundwa mara moja kwa kila mchakato, si mara moja kwa wote.

Hatua ya 4: Diski

Majaribio yanayoita fsync (amri ya kulazimisha data iandikwe kwenye diski papo hapo) kila mara husubiri diski. Tanguliza eatmydata kwenye amri:

eatmydata dpkg-buildpackage -us -uc -b

Inazifanya fsync zisifanye kitu. Itumieni kwa kujengea tu: umeme ukikatika, data ambayo haijafika kwenye diski imepotea.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nikiweka parallel=4 inakuwa nzito kuliko mwanzo. Shida nini?*

Kila mchakato unapakia Python na maktaba zake peke yake. Endesha free -h wakati majaribio yanaenda. Ukiona swap (sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa) inapanda, shusha hadi 2.

*Kuna jaribio linadai kazi iishe ndani ya sekunde 1. Peke yake linapita, kwa pamoja linaanguka.*

Viini vimebanwa, ndugu, kwa hiyo linachelewa. Jaribio la namna hiyo litaanguka hata kwenye mashine dhaifu ya mtu mwingine. Lipime matokeo, siyo saa, na kiraka (patch) kipeleke kwa wenye mradi.

*Nina matatu yanayotumia kifaa kimoja, hayatenganishiki. Nirudi kwenye -n 1?*

Hapana. Yape yote @pytest.mark.xdist_group(name="kifaa") na uongeze --dist loadgroup kwenye PYBUILD_TEST_ARGS. Hayo matatu yatapangwa kwenye mchakato mmoja, mengine yaendelee kugawanywa.

*Kwa hiyo nocheck haina kazi kabisa?*

Inayo. Ukiwa unarekebisha faili la debian/install na unataka kuona tu faili zimekaa wapi, itumie. Kifurushi cha kupakia (upload) kijenge bila hiyo.