Somo: Kumfundisha mtoto kusoma na kuandika nyumbani kwa sauti za herufi

Wazazi, somo hili ni la mwenye mtoto wa darasa la awali, la kwanza au la pili anayeimba "ba be bi bo bu" bila kukosea, lakini ukimwekea kidole kwenye "bu" peke yake anakwama. Huyo bado hajasoma, amekariri wimbo. Anatakiwa ajue kila herufi inatoa sauti gani, kisha aziunganishe mwenyewe. Kiswahili kinambeba sana hapa, maana irabu ni 5 tu na kila moja hubaki na sauti yake popote ilipo.

Mahitaji: vizibo vya soda 30 hivi, maka peni, sinia lenye mchanga mkavu na daftari. Andika herufi ndogo ndani ya vizibo, kila irabu vizibo 3 na kila konsonanti 2, la sivyo neno "mama" halitapangika. Chini ya kila herufi piga mstari. Kizibo ni duara. Kikigeuka, u inakuwa n na d inakuwa p, na mtoto anavurugwa na jambo ambalo si kosa lake.

Muda ni dakika 15 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Usizidishe.

Hatua ya 1. Irabu: a, e, i, o, u. Unatamka, anarudia, anaichora mchangani kwa kidole huku akiitamka. Siku chache zinatosha.

Hatua ya 2. Anza na konsonanti zinazovutika: m, s, l, n. Sema "mmm", midomo imefungwa. Usiseme "em" wala "ma". Ukimfundisha "em", siku ya kusoma "mama" atakusomea "em-a-em-a", na atakuwa amekutii kabisa. Herufi 2 kwa wiki ni mwendo mzuri. Sauti za b, d, k na t hazivutiki. Zije baadaye, na uzitamke kwa mkato ili irabu isisikike nyuma yake.

Hatua ya 3. Kuunganisha. Weka kizibo cha m shubiri moja kutoka kwenye a. Mtoto avute "mmm" huku akikisukuma mpaka kigonge a: "mmma". Asikate pumzi njiani. Kisha badilisha irabu kwa kurukaruka: mu, ma, mi. Ukifuata mpangilio wa wimbo, ataimba tu. Maneno ya kwanza yawe mama, lima, sema, simu, mali. Herufi zikiongezeka, leta zabibu, ubuyu, alizeti.

Hatua ya 4. Imla ya maneno 5 kila siku. Apige kofi kwa kila silabi, aitamke polepole, aandike anachosikia. Usimtajie herufi. Akikosea usifute, mwambie asome kwa kidole alichoandika, na mara nyingi sikio lake litamshtua.

Hatua ya 5. Konsonanti zinazoungana. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo msiwe na haraka. Majina ya wilaya zetu za Dodoma kwenye vibao vya magari ni ngazi nzuri: Bahi, Kondoa, Chemba, Chamwino, Kongwa, mwisho Mpwapwa. Mtoto anayeweza kupiga makofi matatu, m-pwa-pwa, na kuliandika bila kuacha herufi, amefika mbali.

Makosa yana sababu zake. Akiandika "buzi" badala ya "mbuzi", hajaisikia m. Aguse ubavu wa pua: akisema "mbuzi", itatetemeka kabla ya b. Akiandika "mutu", mwonyeshe kwamba m katika "m-tu" ina kofi lake bila kuhitaji irabu. Kwa "ngoma" na "ng'ombe", asikilize koo: katika ngoma g inagonga, katika ng'ombe haigongi, na ndiyo kazi ya ritifaa, ile alama (') baada ya ng.

MASWALI YA WAZAZI

Mzazi, Kongwa: Mwalimu, wangu anachanganya b na d kila siku.
Jibu: Usimfundishe zote mbili wiki moja. Kwa b, mkono uanze na fimbo kisha tumbo. Kwa d, duara kwanza kisha fimbo. Mchangani, herufi kubwa, mara 10, huku akitamka. Kosa hili ni la kawaida kwa anayeanza.

Mzazi, Chamwino: Anasema "karamu" akimaanisha kalamu, na anaandika hivyohivyo.
Jibu: Anaandika anavyotamka, kwa hiyo anza na ulimi. Kwa l, ncha inagusa nyuma ya meno ya juu na kutulia; kwa r inapigapiga. Tumia jozi: kula na kura, mahali na mahari. Wewe tamka, yeye anyooshe kidole kwenye neno. Akitofautisha kwa sikio ndipo aandike.

Mzazi, Dodoma mjini: Yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza. Sitamchanganya?
Jibu: Hapana, ukitenganisha vipindi. Mwambie wazi kwamba herufi hizihizi zina sauti nyingine katika Kiingereza. Ujuzi wa kuunganisha atahama nao. Sauti za irabu ndizo atakazojifunza upya.

Mzazi, Mpwapwa: Wangu yuko la tatu na hajui kusoma kabisa. Nimechelewa?
Jibu: Hujachelewa, mama. Anza hatua ya 1 leo, faragha, mbali na wadogo zake wasimcheke. Mpime: taja sauti, achague kizibo. Anazozijua ziruke, na zile zinazomshinda ndizo za kuanzia. Pia mpeleke apimwe macho na masikio. Asiyesikia vizuri s na sh hawezi kuziandika, hata mkikesha.